Viraka vilivyohamisha kutu: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja ya pwani

Jina la mji, la mwenye nyumba na la mafundi yameondolewa, pamoja na alama zinazoweza kuitambulisha nyumba.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya kupangisha katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania: chini, na ghorofa mbili juu, vyumba kumi na vinane. Kutoka barazani hadi maji yanapofika wakati wa bamvua ni kama hatua mia mbili. Chini na ghorofa ya kwanza vilijengwa kati ya 1996 na 1998. Ghorofa ya pili iliongezwa 2003, baada ya maji ya bomba kufika mtaani. Tarehe hizi nilizipata mwishoni kabisa mwa uchunguzi, na ndizo zilizobeba jibu. Ningeziuliza siku ya kwanza, kisa hiki kingekuwa kifupi na nyumba ingekuwa na makovu machache.

Muundo wake ni wa kawaida: nguzo na bimu za zege, matofali ya saruji katikati, slabu kila ghorofa. Upande wa bahari kila ghorofa ina roshani ndefu, imekaa juu ya bimu zinazochomoza kutoka kwenye nguzo. Aliyejenga ni mzee mstaafu, kidogo kidogo, kwa kiinua mgongo chake, na fundi wake mkuu alikuwa mtu mwenye jina zuri mtaani. Ukipita na timazi leo, nguzo bado zimesimama wima. Nalitaja hilo mapema kwa sababu katika visa vya kutu watu hukimbilia kumtaja fundi mwizi wa saruji. Hapa hapakuwa na mwizi.

Viraka, 2009 hadi 2014

Ufa wa kwanza ulionekana 2009 chini ya bimu ya roshani ya ghorofa ya kwanza: mstari mwembamba uliofuata nondo kama umepigwa kwa rula. Ufa wa uzito kwa kawaida huikata bimu kimkingamo. Ufa wa kutu huifuata nondo kwa urefu wake, kwa kuwa nondo ndiyo inayovimba. Yeyote anayeujua utofauti huo angejua tatizo ni nini kabla ya kugusa nyundo, lakini kwa miaka miwili wapangaji waliupaka chokaa kila Idi.

Mwaka 2011 zege likatuna, kipande cha ukubwa wa sahani. Fundi mkuu akaitwa. Alibangua mpaka nondo ikaonekana, akaisugua kwa brashi ya waya, akapaka uji wa saruji na kujaza kwa mota nzito, saruji moja kwa mchanga mbili. Kazi ilikuwa safi, imenyooka, imemwagiliwa maji wiki nzima. Hakuchimba nyuma ya nondo, na hakuna aliyemwambia achimbe.

Kufikia 2013 nyufa mpya zilitokea, na mahali zilipotokea ndipo penye fumbo la kisa hiki. Viraka vyenyewe vilikuwa vizima kama mawe. Nyufa zilianzia pale kiraka kinapoishia, upana wa kiganja kutoka ukingoni, zikaenda zao. Mwenye nyumba alisema fundi amebania saruji. Fundi alisema bimu nzima imechoka.

Saa moja ya 2014

Hapo ndipo nilipoitwa mara ya kwanza, kama mhandisi, na sehemu hii ni ya kosa langu.

Nilikaa saa moja. Niligonga hapa na pale, nikatazama bahari ilivyokuwa ikimeta kati ya minazi, nikasema: upepo wa chumvi. Nilishauri viraka virudiwe kwa mota ya viwandani na upande wote wa mbele upakwe rangi nzito ya kuzuia maji, ile inayovutika kama mpira. Sikutoboa tundu hata moja. Mzee alinishukuru, akanipa na kikapu cha madafu.

Rangi ile ilifanya mambo mawili. Iliuzuia unyevu uliokwisha kuingia usitoke, na iliziba macho yetu. Nyufa ziliendelea chini yake bila mtu kuziona. Kilichoonekana ni malengelenge tu kwenye rangi, na ukiyatoboa kwa msumari hutoka tone la maji ya kahawia.

Asubuhi ya masika, 2016

Mwezi wa Aprili kipande cha zege chenye urefu wa mita moja hivi kilibanduka chini ya bimu ya ghorofa ya kwanza, kikaangukia pale wapangaji wanapofulia. Ndoo ya plastiki ilipasuka vipande viwili. Mwenye ndoo alikuwa ameingia ndani kuchukua sabuni. Kipande tulikipima: kilo kumi na nne.

Nilifika mchana. Uso wa ndani wa kipande ulikuwa na mfereji wa nondo umechorwa vizuri, mwekundu katikati, mweusi pembeni. Kutu nyekundu ndiyo kutu yenye hewa, nayo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilikotoka, ndiyo maana hulipasua zege. Ile nyeusi hutokea pasipo oksijeni ya kutosha. Haivimbi sana, kwa hiyo inaweza kula chuma bila kutoa ufa. Mimi huiogopa zaidi nyeusi.

Nilisugua nondo iliyobaki ikining'inia na kuipima unene kwa vernia, kipimo cha taya chenye kusoma milimita. Ilifungwa nondo ya milimita 16. Pale palipoliwa zaidi, pande zote, ilibaki 11. Mwana wa mzee, aliyekuwa akisimamia nyumba wakati huo, alishusha pumzi: "Basi imepungua theluthi tu, injinia." Unene ndio umepungua karibu theluthi. Nguvu ya nondo inafuata eneo la mkato wake, na eneo linakwenda kwa mraba: 11 kwa 11 ni 121, 16 kwa 16 ni 256. Imeondoka zaidi ya nusu.

Uamuzi wa kwanza ulifanyika siku ileile bila kipimo kingine. Juu ya roshani ya ghorofa ya pili palikuwa na tangi la plastiki la lita 5,000, na bimu za ghorofa zote mbili zilisimama kwenye nguzo zilezile za mbele. Tani tano za maji. Tuliyafungulia yakatoka yote, wapangaji wa upande wa mbele wakahamishiwa nyuma, na mirunda ikasimamishwa chini ya kila bimu ya roshani. Uamuzi huo ulileta kelele kuliko wowote uliofuata, kwa sababu nyumba nzima ilibaki inachota kwa ndoo. Hata leo ningeufanya tena.

Vipimo

Fedha ya uchunguzi ilichukua miezi kumi kupatikana. Februari 2017 tulianza, safari hii kwa kutoboa.

Kwanza kava, yaani unene wa zege linaloifunika nondo. Kwa kifaa cha sumaku tulipata milimita 12 hadi 18 chini ya bimu za roshani, na mahali pawili milimita 5. Karibu na bahari hivi mtu angetaka 40 na zaidi. Fundi mkuu, mzee sasa, alituambia bila kuficha kwamba hawakutumia biskuti, yaani vipande vidogo vya mota vinavyoinua nondo kutoka kwenye ubao. Waliweka kokoto chini ya nondo. Wabebaji wa makarai wakipita juu, kokoto hutoka na nondo hukaa juu ya ubao.

Pili, hewa ukaa. Zege changa lina alkali kali, pH yake ni kati ya 12.5 na 13.5, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba usioonekana unaokizuia kutu. Hewa ukaa huingia polepole kupitia vitundu vya zege na kuila alkali hiyo. Ukipulizia fenolftaleini, dawa inayobadili rangi ikikuta alkali, kwenye zege lililovunjwa muda huohuo, palipo na alkali hugeuka zambarau na palipokwisha hubaki na rangi yake. Kwenye bimu za nje zambarau ilianzia milimita 14, kwenye nguzo za ndani 28. Mwana wa mzee alishangaa kwamba ndani kumeliwa zaidi kuliko nje. Sababu ni mvua: vitundu vya zege la nje hujaa maji, na gesi hupita kwenye maji kwa shida sana. Ndani ni kukavu, hewa ukaa inapita, lakini palepale kutu inakosa maji ya kufanyia kazi. Nguzo ya ndani iliyopoteza alkali inaweza kukaa miaka na nondo yake ikabaki ya buluu, bila kutu, mradi bomba lisivuje.

Tatu, chumvi. Tulitoboa kwa drili na kukusanya unga kila baada ya milimita kumi hadi kufika 60, mahali tisa. Maabara ilitoa kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoshambulia chuma, kwa uzito wa zege, nasi tukaigeuza kuwa asilimia ya uzito wa saruji, kwa kukadiria mchanganyo. Kiwango kinachokubalika kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.4.

Roshani ya ghorofa ya kwanza ilikuwa na 1.1 karibu na uso, ikishuka taratibu hadi 0.6 ndani kabisa. Roshani ya ghorofa ya pili ilianza na 0.5, na kufikia milimita 40 haikufika 0.1. Hiyo ndiyo sura ya upepo wa bahari: nyingi usoni, kidogo ndani. Kama vipimo vingeishia hapo, ningebaki na jibu langu la 2014.

Unga wa tisa ulitoka kwenye nguzo ya chini, nyuma, upande wa barabara, ndani ya stoo isiyo na dirisha. Nilikuwa nimeuchukua kama kipimo cha kulinganishia, nikitegemea sifuri. Ukasoma 0.6 usoni, 0.6 kwenye milimita 20, 0.5 kwenye 30, 0.6 kwenye 50. Sawa kutoka nje hadi ndani. Upepo haupigi stoo, na chumvi inayoingia kutoka nje haikai sawa namna hiyo. Ilikuwamo tangu zege linamwagwa.

Kisima

Nilimuuliza fundi mkuu maji ya kuchanganyia yalitoka wapi. Akaonyesha kwa kidevu: kisima cha uani, nyuma ya mwembe. Mabomba hayakuwapo mwaka ule. Walipokuja kujenga ghorofa ya pili, bomba lilikwishafika, wakatumia mpira.

Bibi mmoja aliyepanga pale tangu 1999 alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. "Maji yale?" akasema. "Sabuni haitoi povu, mwanangu. Tunadekia tu." Miaka kumi na minane nyumba nzima ilijua maji yale hayafulii nguo. Hakuna aliyeona ajabu kuwa yamejenga nyumba.

Tulipeleka chupa maabara: gramu 4.6 za kloridi kwa lita. Maji ya bahari yana 19 hivi, kwa hiyo kisima kilikuwa robo ya bahari. Sasa hesabu, ambayo kila fundi anaweza kuifanya nyuma ya mfuko wa saruji. Mfuko ni kilo 50. Ukichanganya zege jepesi la kumwagika lenyewe, kama walivyopenda, unatia lita 35. Zidisha kwa 4.6, unapata gramu 161, ambazo ni asilimia 0.32 ya saruji. Peke yake haivuki kiwango.

Ilibaki kama 0.3 isiyojulikana ilikotoka, na hapo fundi mkuu alinisaidia tena: mchanga wa chini na ghorofa ya kwanza ulizolewa ufukweni kwa mkokoteni. Kwa mfuko mmoja unaenda mchanga wa kilo 110 hivi. Mchanga wenye unyevu wa asilimia 7 umebeba karibu lita nane za maji ya bahari, sawa na gramu 146 za kloridi. Asilimia 0.29. Jumla 0.61. Kisima cha 2017 si lazima kiwe na chumvi ileile ya 1996, na mchanga wa juu ya ufuko si mchanga wa kwenye maji, kwa hiyo sitaapa kwa desimali ya pili. Lakini maabara ilikuwa imesoma 0.6.

Kwa nini kiraka kilihamisha kutu

Nondo inayoliwa ndani ya zege ni betri. Upande mmoja chuma kinayeyuka na kuachia elektroni; upande mwingine, kwenye nondo ileile au ringi iliyofungwa nayo, elektroni hizo hupokelewa na oksijeni na maji. Unyevu wa zege unakamilisha mzunguko. Pale panapotoa huliwa, na panapopokea hulindwa. Kwa maneno mengine, sehemu iliyooza ilikuwa ikizilinda jirani zake kwa gharama ya nafsi yake.

Fundi alipobangua sehemu hiyo na kuijaza mota mpya yenye alkali kali na isiyo na chumvi, alimaliza utoaji pale. Nondo ndani ya kiraka ikawa mpokeaji. Jirani zake, zilizobaki kwenye zege la zamani lenye chumvi 0.6 na zaidi, zilipoteza mlinzi na kupata kiraka kipana cha kuzinyonya. Kloridi haihitaji kuumaliza utando wa chuma wote. Hutoboa mahali padogo, na kwa kuwa upande wa kupokea ni mkubwa kuliko kitundu, kitundu huchimbika haraka.

Tuliliona hili kwa macho kwenye soma za volti. Ukiunganisha waya mmoja kwenye nondo na mwingine kwenye kijiti cha shaba kilichozama katika salfeti ya shaba, ukakipitisha juu ya zege lililoloweshwa, unapata ramani. Kuvuka milivolti 350 upande wa hasi, karibu hakika kutu inafanya kazi. Isipofika 200 hasi, karibu hakika haifanyi. Katikati ya kiraka cha 2011 ilisoma hasi 180. Sentimita 15 nje ya ukingo, hasi 430. Mita moja zaidi, hasi 290. Fundi mkuu alikuwa amesimama karibu yangu ninaandika. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo kiraka kingekuwa kibaya, bimu ingepona?" Sivyo hasa, lakini alikuwa ameelewa kuliko nilivyoelewa mimi 2014.

Tulichoamua

Kurudia viraka kulikuwa nje ya mjadala. Kubomoa yote ndiko kungekuwa safi kihandisi, ila warithi wa mzee, aliyefariki mwaka uliotangulia, walikuwa saba na nyumba ndiyo ilikuwa ikiwalisha. Ipo njia ya kuipa nondo umeme mdogo siku zote ili yote iwe mpokeaji. Ni njia nzuri, lakini inataka umeme usiokatika na mtu wa kuutazama mwaka hadi mwaka, na hapo hapakuwa na kimoja wala kingine. Niliikataa ndani ya dakika mbili, na sidhani nilikosea.

Tulichochagua kilitofautiana kutoka sehemu hadi sehemu. Roshani za ghorofa ya kwanza zilibomolewa na kujengwa upya. Nguzo mbili zilizo karibu na vyoo, zenye chumvi na maji ya bomba linalovuja, zilivalishwa koti la zege lenye nondo mpya za kutosha kubeba uzito wote bila kuzitegemea za zamani. Nguzo kavu za ndani tuliziacha kama zilivyo: zina 0.6, lakini volti zao zilikuwa nafuu na hazina maji. Mabomba yalihamishiwa nje ya kuta, na nguzo zikawekewa ratiba ya kupimwa kila mwaka. Kuacha nguzo yenye chumvi ibaki kwa makusudi si jambo rahisi kumweleza mteja, na warithi wawili hadi leo wanadhani nilichoka.

Palipobaki, yaani bimu za mbele zinazounganisha nguzo, tulibangua zege mpaka vidole vipite nyuma ya nondo, milimita 25 hivi, na kuendelea mpaka nondo ng'avu. Kila ukingo ambapo zege jipya linakutana na la zamani tulifunga kipande cha zinki kwenye nondo. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayoliwa. Mafundi wa boti bandarini wanaijua hiyo kazi. Wanafunga zinki kwenye bodi karibu na rafadha, na ikiisha wanabadilisha.

Zinki zilihitajika 140. Zilipofika bei zake, wanafamilia walikaa kikao, wakanunua 90. Niliamua bimu za kusini, zilizokuwa na volti nafuu, ndizo zikose. Ulikuwa uamuzi wangu, si wao.

Zege jipya lilipata mchanga wa mto uliooshwa, maji ya boza, uwiano wa maji na saruji wa 0.45 pamoja na dawa ya kulainisha, na kava ya 45. Biskuti zilifyatuliwa palepale kwa mota ileile, na nilizihesabu mwenyewe kabla ya kila kumwaga. Magunia mabichi yalikaa siku kumi. Kazi ilianza Juni 2017 ikaisha Machi mwaka uliofuata.

Miaka iliyofuata

Vipimo vya kila mwaka vilifanyika mara moja, 2019. Halafu vikasahaulika, kama vinavyosahaulika.

Juni 24, 2021 jengo la makazi lilianguka Surfside, Florida, likaua watu 98. Habari ilipotaja kwamba ripoti ya mhandisi ya 2018 ilikuwa imeonya juu ya zege lililopasuka na maji yasiyotoka kwenye slabu ya bwawa, mmoja wa warithi, anayeishi Muscat, alinipigia usiku. Wiki mbili baadaye nilikuwa pale na kijiti changu cha shaba.

Bimu zenye zinki zilikuwa nzima, hakuna soma kwenye kingo iliyovuka 250 upande wa hasi. Roshani mpya hazikuwa na hata mstari. Kusini, kwenye bimu tatu zisizo na zinki, nyufa mbili zilikuwa zimeanza, upana wa kiganja kutoka ukingo wa zege jipya. Kama 2013. Tulizibangua na kuzifunga zinki zilizokosekana, kwa gharama iliyozidi ile iliyookolewa, kwa sababu mirunda na mafundi vilirudi upya kwa bimu tatu tu. Nguzo kavu zilibaki kavu, isipokuwa moja ambayo mpangaji alikuwa ameifungia sinki.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kupunguza uzito kabla ya kujua chanzo kulifaa. Kilichofaa zaidi ni unga wa nguzo ya stoo, uliochukuliwa mahali ambapo sikutegemea kupata kitu. Vipimo vinane vya kwanza vingeniachia dhana yangu. Sasa kila ninapochunguza jengo la pwani natoboa kwanza palipo kukavu na mbali na bahari, na natoboa ndani kuliko kava. Chumvi iliyotoka nje unaweza kuibangua. Iliyochanganywa humo itakuwapo nyuma ya kila kiraka, na uamuzi mzima wa matengenezo unategemea ni ipi kati ya hizo mbili.

Kosa la fundi mkuu lilikuwa kava. Hata zege lenye 0.6, likiwa limefunika milimita 45 na kukaa kavu, lingeipa nyumba miaka mingi zaidi kabla ya ufa wa kwanza. Kuhusu maji na mchanga nasita kumlaumu. Nyumba za mawe za mwambao zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na chumvi ya mchanga wa pwani haikuwa na chuma cha kula humo. Boriti ikioza ilibadilishwa. Mkono uliorithi mchanga ule ulipewa nondo bila kuambiwa kwamba kanuni zimebadilika.

Kosa langu la 2014 lilikuwa kubwa kuliko lake, maana mimi nilikuwa na drili kwenye gari. Na kuzikosesha bimu za kusini zinki kwa sababu zilisoma nafuu ilikuwa kulisahau somo ambalo ramani yangu mwenyewe ilikuwa imenipa: soma nafuu karibu na ukingo ni ya leo, kabla ya kiraka kuanza kunyonya.

Kisima tulikifunika kwa zege 2018. Mwaka juzi nilipita nikakuta kifuniko kimesogezwa, kamba na ndoo juu yake, na ng'ambo ya ukuta vijana wanachanganya zege la lenta ya jirani. Nilichovya kidole kwenye ndoo, nikaonja. Kijana aliyeshika karai alinitazama kwa huruma.

"Usinywe hayo, mzee," akasema. "Hayo ya kujengea."